Spea za Mchina, za Mhindi na "OG": jibu kwa mwalimu mwenye bodaboda mbili

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kahama. Nina bodaboda mbili za aina moja, za Kichina, zenye injini ya CG 125. Nilizinunua siku moja nikawapa vijana wawili kwa mkataba. Mwaka huu moja imekula seti tatu za cheni na sproketi. Nyingine bado inatumia seti niliyoifunga Februari. Seti zote nilizichukua duka moja, boksi la aina moja. Hiyo ya pili nayo ilibadilishwa pistoni na ringi mwezi Juni, na sasa inatoa moshi tena. Kijana anasema tatizo ni spea za Mchina, nimnunulie OG, yaani orijino. Muuza duka anasema OG ni zaidi ya mara mbili ya bei. Je, spea za Kichina ni mbovu kweli? Na mimi nisiye fundi nitaijuaje nzuri?"

Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikapiga mstari chini ya maneno "duka moja, boksi la aina moja". Jibu la cheni yako limo humo, na nitalifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza waziwazi. Spea haiwi mbovu kwa kuwa imetoka China, wala haiwi nzuri kwa kuwa imetoka India au Japani. Huwa mbovu kwa sababu kuna mtu aliyeiagiza kwa bei ambayo haiwezi kuzaa spea nzuri, na mtu huyo mara nyingi ni mwenzetu wa hapa hapa.

Tazama injini ya pikipiki zako. Honda ilianza kuuza CG125 mwaka 1976. Waliichora wakifikiria nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mzigo mzito, barabara ni vumbi na oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Ndiyo maana ndani yake hukuti cheni ya kuzungusha kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, kule juu kwenye kichwa. Kuna gia na fimbo mbili zinazosukuma valvu, vitu visivyodai kukazwa kila mara. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na hupanda na kushuka milimita 49.5. Injini hiyo ilinakiliwa na viwanda vingi mno vya China, na hivyo spea ya jina moja huingia kwenye pikipiki ya jina jingine. Kwetu hiyo ni neema kubwa, maana hata kwenye senta ndogo porini utapata pistoni ya CG. Lakini neema hiyo ina upande wa pili: kila mwenye mashine ya kuchongea anaweza kuitengeneza, mwenye vipimo na asiye navyo.

Honda wenyewe hawakukaa wakiilaani China. Mwaka 2001 waliingia ubia na Sundiro, kampuni ya huko huko iliyokuwa ikitengeneza nakala za pikipiki zao. Miaka hiyo soko la Vietnam lilikuwa limefurika pikipiki za Kichina za bei nafuu, na mwaka 2002 Honda wakajibu kwa kuleta Wave Alpha, pikipiki ya bei ya chini ambayo baadhi ya spea zake zilitoka China. Yaani mwenye jina la OG alikwenda kununua kwa yule yule anayeitwa feki. Ila alikwenda na mchoro wenye vipimo, akachagua kiwanda, akapima kilicholetwa na akarudisha kisichofaa. Kazi hiyo ya kupima na kurudisha ndiyo unayoilipia unaponunua spea yenye jina.

Wafanyabiashara wawili watatu ninaowatengenezea pikipiki wamewahi kwenda Guangzhou kuagiza mzigo. Wote wananieleza jambo moja: ukifika kwa muuzaji wa kule hakuulizi tu unataka spea gani, anakuuliza unataka ya bei gani. Sproketi ile ile yenye meno yale yale ataileta mezani katika ubora tofauti tofauti, na anakwambia wazi ipi ni ipi. Hakudanganyi. Udanganyifu huanza pale mwagizaji anapochukua ya chini kabisa na kuitia kwenye boksi lenye maneno makubwa, halafu mwenye duka wa rejareja, ambaye pengine naye hajui, anakwambia "hii ni namba moja, mama."

Sasa, ubora huo unapunguzwa wapi? Nikueleze kwa cheni, kwa sababu ndiyo inayokuumiza, na kwa sababu ukiielewa cheni umeelewa nusu ya spea zote.

Cheni ya pikipiki yako inaitwa 428. Kutoka pini moja hadi pini ya pili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Siku ya kwanza cheni nzuri na cheni mbovu zote zina 12.7, kwa hiyo ukizilaza mezani ni pacha. Tofauti iko ndani. Pini huzunguka ndani ya bushi ndogo, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye jino la sproketi. Ngozi ya pini inatakiwa iwe ngumu sana ili isilike, na moyo wake uwe na ulaini kidogo ili isikatike ghafla. Ngozi hiyo hutengenezwa kwa kuichoma pini tanurini saa nyingi katika hewa yenye kaboni, kisha kuipoza kwa utaratibu. Tanuri linakula nishati na muda. Mwagizaji akikaza bei, kiwanda hakiwezi kupunguza chuma sana kwa sababu uzito utaonekana. Kinachopunguzwa ni saa za tanurini, kwa kuwa hizo hakuna anayeziona. Ngozi ngumu inakuwa nyembamba. Cheni inakwenda vizuri mwezi mmoja, ngozi inaisha, na kuanzia hapo pini inalika kama kijiti.

Watu husema cheni "imerefuka", kana kwamba chuma kimevutika kama mpira. Hakijavutika. Kila pini imelika kidogo na kila bushi imelika kidogo, na ukijumlisha viungo zaidi ya mia unapata ule urefu. Jambo hili ni muhimu kwako kwa sababu linapimika. Hesabu pini 21 mfululizo, cheni ikiwa imevutwa vizuri, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Kati yake kuna hatua 20, na cheni mpya lazima itoe milimita 254. Ikifika 259 imelika kwa asilimia 2, itoe. Rula ya chuma ya mwanafunzi inatosha kabisa. Andika kilomita za siku ya kufunga, pima kila mwezi, na baada ya miezi mitatu utaijua cheni uliyonunua kuliko aliyekuuzia.

Kabla ya kulipa kuna kipimo kingine, cha sproketi. Nenda dukani na tupa ndogo mpya. Omba ruhusa, na kama mwenye duka anaiamini bidhaa yake atakuruhusu. Ipitishe tupa ubavuni mwa jino moja kwa mkono mwepesi. Sproketi iliyochomwa vizuri itaifanya tupa iteleze kama kwenye kioo, ikiacha alama hafifu. Tupa ikiuma na kutoa unga kama inavyouma msumari, hiyo sproketi ni laini, iache. Pima kwenye jino, usipime katikati, kwa sababu hata sproketi nzuri mara nyingi hufanywa ngumu kwenye meno tu. Kwenye cheni yenyewe angalia bamba: 428 zenye herufi H zina mabamba manene zaidi, na kwa bodaboda inayobeba watu na magunia mimi sifungi nyingine.

Hapa nitenganishe maneno matatu ambayo dukani yanachanganywa kwa makusudi. OG ni spea iliyopitia mikono ya kampuni iliyotengeneza pikipiki na kuwekwa kwenye boksi lake. Mara nyingi kampuni hiyo haikuitengeneza yenyewe. Iliinunua kwa mtengeneza cheni, mtengeneza beringi au mtengeneza plagi. Halafu kuna spea ya kampuni nyingine inayouzwa kwa jina lake yenyewe, na hiyo ni halali kabisa, siyo feki. Humo utakuta nzuri mno na mbovu mno. Rolon kwa mfano ni cheni ya kampuni ya LGB ya Coimbatore, India. KMC ni ya Taiwan. DID ni ya Japani. Hakuna hata moja yenye jina la pikipiki, na zote ningezifunga kwenye pikipiki yangu bila wasiwasi. Feki ni kitu cha tatu: ni spea inayovaa jina la mtu mwingine. Feki imekosa uaminifu kwanza, na ubora wake hauna wa kuujibia.

Ukilitazama hivyo utaona kwamba mwenye jina dogo la Kichina lililoandikwa wazi, pamoja na jina la mwagizaji na mahali alipo, anakutendea haki kuliko boksi la "Japan quality" lisilo na mwenyewe. Japan quality siyo nchi. Nikiona maneno hayo bila jina la kiwanda, narudisha boksi kwenye rafu.

Kwa serikali nako kazi hizi mbili ziko kwa watu wawili. Ubora ni wa TBS, ambao tangu mwaka 2012 wana utaratibu wa kuhakiki bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Majina ya kughushi ni ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Wasomaji wangu wa Kenya wana KEBS kwa la kwanza na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia kwa la pili. Ukiuziwa feki, peleka malalamiko ukiwa na boksi, spea yenyewe na risiti ya EFD. Ninawasihi watu kila siku wadai risiti, na siyo kwa ajili ya kodi peke yake. Bila risiti huna ushahidi kwamba spea ilitoka duka lile, na mwenye duka anajua kwamba huna.

Turudi kwenye mfuko wako. Sitakwambia ununue OG kila kitu, kwa sababu huo ni ushauri wa mtu asiyelipa. Kuna spea ambazo ikifa, kinachokufa ni hiyo spea tu. Indiketa, vioo, kiti, madigadi, mshikio wa mkono, pedali ya stata, karia: nunua ya bei nafuu na usione aibu. Waya za klachi na za mafuta nunua za wastani, na kijana awe na moja ya akiba chini ya kiti. Lakini kuna spea ambazo zikifa zinaondoka na kitu kikubwa kuliko zenyewe, ama injini ama mtu. Hapo usibane.

Breki nizungumzie kwa kirefu, maana ninabeba jambo moja moyoni. Nikiwa fundi kijana nilimfungia mteja breki shuu za nyuma nilizotumwa kununua duka lililokuwa jirani. Zilikuwa nzuri kwa macho, nyeusi, safi. Wiki ya pili akiwa mteremkoni, lile bamba la kusugua lilibanduka kutoka kwenye kiatu chake, likajikunja ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na gurudumu la nyuma likafunga. Alivunjika mkono. Abiria wake, mama mmoja aliyetoka kliniki, alichubuka lakini alinusurika. Nilipoifungua ile habu nikakuta gundi imeshika sehemu ndogo tu ya kiatu, kwingine kote chuma kilikuwa kinang'aa, hakijawahi kuguswa na gundi. Ningeigongagonga kwa bisibisi kabla ya kufunga, ningeisikia. Tangu siku hiyo sifungi breki shuu bila kuigonga kwenye kingo zote nikiiweka sikioni. Iliyoshikwa vizuri hutoa mlio mmoja mkavu. Yenye uwazi hutoa sauti ya ufa, kama chungu kilichopasuka. Kisha naingiza ukucha au wembe kwenye mwungano. Wembe ukiingia, hairudi kwenye pikipiki ya mtu.

Ukibadilisha breki shuu, mwambie fundi atazame na drami yenyewe, ule mduara wa chuma unaosuguliwa na breki shuu. Pikipiki nyingi za namna yako zina drami ya milimita 110, na ndani yake mara nyingi imechapwa neno MAX na namba, kwa kawaida 111. Drami ikipita hapo, breki shuu mpya hata iwe ya nani itagusa sehemu ndogo tu, na mtailaumu bure. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki shuu za kale, na baadhi ya zisizojulikana zilikotoka, zina asbesto, na asbesto huingia mapafuni ikakaa. Kitambaa chenye maji kinatosha. Hili nawaambia mafundi wanaosoma, maana tunazikana mapema.

Beringi za magurudumu zina tabia yake. Hapa vipimo vimesawazishwa dunia nzima: 6301, ambayo utaikuta kwenye magurudumu mengi ya pikipiki ndogo, ni milimita 12 kwa 37 kwa 12, iwe imetoka Osaka au Chongqing. Kwa hiyo zote zinaingia, na kwa kuwa zote zinaingia feki ni nyingi. NSK, NTN, Koyo na SKF ndizo zinazoghushiwa zaidi, kwa sababu ndizo zinazoaminika. Mbaya kuliko zote ni beringi kuukuu iliyosuguliwa, ikatiwa grisi na kufungwa upya. Itazame pete ya ndani pale ekseli inapopita: ikiwa na mikwaruzo ya duara, imeshawahi kuvaliwa. SKF wana programu ya simu, SKF Authenticate, unapiga picha ya beringi na boksi lake na wao wanaangalia. Binafsi, kuliko kununua jina kubwa la Kijapani kwa bei ya soda, nanunua beringi ya Kichina yenye jina la kiwanda chake kwa bei ya kawaida. Bei ya soda yenyewe imeshakwambia kilichomo.

Plagi ni fupi. Ya CG ni NGK D8EA, na mwenzake mwenye kizuizi cha umeme ni DR8EA. Mwambie fundi apime kwa mita kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya katikati. Ile yenye R inatakiwa isome karibu kiloomu 5, na isiyo na R isome karibu na sifuri. Nimekuta plagi zimechapwa R na ndani hamna kizuizi chochote. Waghushi huchapa herufi, hawajisumbui na kilichomo.

Sasa moshi. Ulisema pistoni na ringi zilibadilishwa Juni. Hukusema bloku, yaani silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilipimwa, na ninakisia haikupimwa, maana ndivyo inavyofanyika kila mahali: fundi anafungua, anaona ringi zimekwisha, anatia pistoni mpya ya standadi ndani ya bloku ya zamani, anafunga, anapokea hela. Lakini bloku nayo ilikuwa imelika, na hailiki kwa mviringo. Inalika zaidi upande ambao pistoni huegemea, na zaidi juu kuliko chini. Ukiweka ringi ya mviringo kwenye tundu lenye umbo la yai, oili itapita tu, hata ringi ingekuwa imetengenezwa na Honda kwa mkono.

Kipimo chake ni rahisi. Ringi inaingizwa peke yake ndani ya bloku, inasukumwa chini kwa pistoni ili ikae sawa, kisha uwazi kati ya ncha zake unapimwa kwa fila geji, vile vijibamba vyembamba vya kupimia uwazi. Kwa pistoni ya milimita 56.5, uwazi wa ringi mpya uwe kati ya 0.15 na 0.35 hivi. Ukikuta 0.6 au 0.7 na ringi ni mpya, bloku imekwisha. Iende kuchongwa kwa overi saizi, yaani pistoni kubwa kidogo kuliko standadi, ambazo huja kwa hatua za milimita 0.25, au ununue bloku nzima pamoja na pistoni yake. Na fundi aipime juu, katikati na chini. Tofauti ikionekana kati ya sehemu hizo, tundu limepanuka juu kama faneli.

Siitakasi pistoni yenyewe. Pistoni nzuri ni aluminiamu iliyochanganywa na silikoni ya kutosha ili isitanuke sana ikipata joto. Pistoni duni hutanuka zaidi, kwa hiyo aliyeitengeneza ana mambo mawili ya kuchagua: aibane, ikwame ukiwa mlimani, au ailegeze, igonge asubuhi na kupitisha oili. Wengi huilegeza. Kama injini yako inagonga "tak-tak-tak" ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto, na bloku imepimwa ikawa sawa, basi hapo kijana wako ana haki, pistoni ndiyo mbovu. Tazama pia moshi unatoka lini. Ukitoka anapokanyaga mafuta kupanda kilima, ni ringi au bloku. Ukitoka kwa wingi anapowasha asubuhi kisha ukapungua, ni sili za valvu, raba mbili za bei ndogo sana, na hakuna sababu ya kushusha injini nzima. Na kabla hujalaumu chochote, fungua chujio la hewa. Mji wako ni wa vumbi. Chujio lililochanika, au sponji iliyotolewa kabisa "ili ipumue", huingiza mchanga mwembamba ndani ya silinda, na mchanga huo humaliza ringi mpya katika wiki chache bila kujali nchi zilikotoka.

Kuhusu bei, nikufanyie hesabu ya mfano, wewe uweke bei za Kahama. Tuseme seti ya cheni ya bei ya chini ni shilingi 25,000 na inakwenda kilomita 6,000, na seti nzuri ni shilingi 60,000 na inakwenda kilomita 20,000, ufundi ni shilingi 5,000 kila mara. Kwa kilomita 20,000 seti ya chini utaifunga mara tatu na zaidi kidogo. Utalipa kama shilingi 100,000 pamoja na ufundi. Nzuri itakugharimu 65,000. Na hapo sijahesabu nusu siku tatu ambazo kijana hakufanya kazi na pesa ya hesabu haikuja. Lakini angalia: hesabu hii ina maana tu ikiwa ile nzuri itafika kweli kilomita 20,000. Kwenye pikipiki yako ya kwanza, kwa jinsi ulivyonieleza, haitafika.

Ndiyo yale maneno niliyopigia mstari. Pikipiki mbili, aina moja, zimenunuliwa siku moja. Seti za duka moja, boksi moja. Moja imekwenda na seti yake tangu Februari, nyingine imekula tatu. Seti moja mbovu inaweza kuangukia upande mmoja kwa bahati mbaya. Tatu mfululizo, hapana. Kitu kinachoila cheni kiko kwenye pikipiki au kwa anayeiendesha, na ukimfungia OG ya bei mara mbili na nusu, kitaila hiyo pia.

Jumamosi hii kijana akileta hesabu, usinunue seti ya nne. Iweke pikipiki kwenye stendi ya kati, chuchumaa nyuma yake, tazama cheni ikitoka sproketi ya nyuma kuelekea mbele. Inatakiwa iwe mstari mmoja kama uzi wa mwashi. Ikipinda kidogo tu, sogea ubavuni utazame zile alama ndogo zilizochongwa karibu na ekseli, kushoto na kulia. Ekseli lazima iwe kwenye alama ile ile pande zote mbili. Nimekuta pikipiki nyingi zimekazwa cheni kwa nati ya upande mmoja peke yake, gurudumu limekaa mshazari, na sproketi inalika ubavu mmoja hadi meno yanakuwa membamba. Kama sproketi yako kuukuu bado iko gereji, itazame meno yake: ubavu mmoja ukiwa unang'aa kuliko mwingine, umepata jibu.

Kisha shika sproketi ya nyuma kwa mikono miwili uitikise mbele na nyuma. Ikicheza sana kabla gurudumu halijafuata, raba za habu zimekufa, na kila kijana anapoachia klachi cheni inapigwa kama kwa nyundo. Likamate gurudumu lenyewe juu na chini ulitikise. Likicheza ni beringi. Sukuma cheni katikati kwa kidole juu na chini: icheze milimita 20 hadi 30. Vijana wengi huikaza kama gitaa wakidhani ndiyo usalama, na pikipiki ikibeba watu wawili shokapu zikashuka, cheni inazidi kukaza na kuvuta beringi ya gia boksi. Muulize fundi kama mara zile tatu alibadilisha na sproketi ndogo ya mbele, au aliiacha ya zamani akaweka kibandani mwake ile mpya uliyoinunua. Na muulize kijana anaipaka nini cheni. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina unga wa chuma na masizi, ni sawa na kuipaka msasa. Oili ya gia nzito, kijiko kimoja jioni cheni ikiwa bado na joto, mara mbili kwa wiki.

Fanya hivyo pikipiki zote mbili zikiwa pamoja, hiyo nzima ikiwa kielelezo, na vijana wote wawili wakiwa wamesimama hapo wanaona. Halafu niandikie umekuta ekseli iko alama ya ngapi kushoto na ya ngapi kulia, na ringi imesoma ngapi ndani ya bloku. Kwa namba hizo nitakwambia ununue nini.